Escherich, munganga aliyechunguza mavi ya watoto wachanga

Ukipeleka mutoto anayehara kwa hopitali hapa Kolwezi, na munganga akilomba mavi yaende kwa laboratwari, mara mingi karatasi inarudi na maneno mawili ya Kilatini: Escherichia coli. Watu wengi wanawaza ni jina la ugonjwa. Hapana, ni jina la mutu. Theodor Escherich alikuwa munganga wa watoto, Mujerumani wa Bavaria, na amekufa zaidi ya miaka 100 sasa. Ninaandika maisha yake juu ya kitu alichoona mwaka wa 1885 ndani ya tumbo la mutoto mwenye kuzaliwa. Sayansi ya leo imeondoka pale pale, na njia imeifikisha mpaka kwa ubongo. Sisi watu wa migodi jambo hili linatugusa, na nitaonesha namna gani.

Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1857 kwa Ansbach, muji mudogo. Baba yake Ferdinand alikuwa munganga pia, mwenye kupenda hesabu za magonjwa na vifo. Mama yake alikufa Theodor akiwa na miaka 5 tu. Mutoto alikuwa mutundu, na alipofikisha miaka 12 baba alimupeleka kwa mapadri Wajezwiti kwa Feldkirch, inchi ya Austria, wamunyooshe. Wasomaji wa umri wangu wanaijua hiyo dawa. Hata kwetu mutoto mugumu alipelekwa kwa mapadri, na wengine walirudi vile vile. Yeye ilimufaa.

Mwaka wa 1876 alianza masomo ya uganga. Wanafunzi wa wakati ule walihama-hama, na yeye alipita Strasbourg, Kiel, Berlin na Würzburg, akamaliza mwaka wa 1881. Ilikuwa wakati wa moto kwa sayansi. Mwaka wa 1882 Robert Koch alionesha mikrobi ya kifua kikuu, nyuma yake ile ya kolera. Kila munganga kijana alitaka mikroskopi. Mwaka wa 1884 Escherich alikuwa Paris na Vienna kwa masomo, na mwezi wa 10 serikali ya Bavaria ikamutuma Naples, Italia, kwenye kolera. Pale aliona kwa macho yake namna tumbo linaweza kuua mutu kwa siku moja.

Kiisha alirudi Munich, na pale njo kazi yake kubwa ilianzia, kwa hopitali ya watoto iliyoanzishwa na munganga Hauner. Tuseme kweli juu ya Bavaria ya siku zile, maana kuko watu wanaowaza Ulaya ilikuwa nzuri tangu Adamu. Kati ya watoto 10 waliozaliwa, karibu 3 hawakufika mwaka moja. Wamama wengi hawakunyonyesha. Ilikuwa desturi ya inchi kumupa mutoto uji wa unga na maziwa ya ngombe tangu siku za kwanza. Maziwa ilitoka mbali, frigo hakuna, chupa haikuchemshwa. Wakati wa joto ukifika, watoto walihara, wakazimika kama mishumaa.

Wanganga walijua mutoto mugonjwa anahara. Lakini nani anakaa ndani ya tumbo la mutoto muzima? Hawakujua. Escherich alijiuliza swali la fundi: kabla ya kutafuta kilichoharibika ndani ya mashini, jua kwanza mashini nzima inatumika namna gani. Akaanza kukusanya mavi ya watoto. Alichukua ile ya kwanza kabisa, nyeusi, yenye kunata, ambayo mutoto anatoa siku anayozaliwa. Alichukua ya siku ya pili, ya tatu, ya mutoto anayenyonya, ya mutoto anayekunywa maziwa ya ngombe. Aliyapaka rangi kwa namna mupya ambayo Gram, munganga wa Denmark, alikuwa amevumbua mwaka wa 1884, akaotesha mikrobi moja moja kama vile Koch alifundisha, ili asichanganye mbegu. Kazi ya miezi na miezi, na arufu mutaiwaza wenyewe.

Alichokuta ni hiki. Mavi ya kwanza, pale mutoto anatoka tu, aliyaona bila mikrobi. Masaa machache nyuma, mikrobi zimeisha kuingia, kwa kinywa na hata kwa nyuma, kutoka kwa hewa, kwa mikono, kwa nguo, kwa maji ya kuogea. Zinakuwa za namna mingi, bila mupango. Sasa maziwa ikifika, muji unabadilika. Wale wa ovyo wanaondoka, wanabaki wachache wenye kuweza kuishi na sukari ya maziwa. Yeye aliona wawili wenye nguvu, mumoja akamuita Bacterium coli commune, maana yake mikrobi ya kawaida ya utumbo. Kwa lugha ingine: chakula cha kwanza njo kinachagua nani atakaa ndani ya mutoto.

Tarehe 14 Julai 1885 alieleza hayo mbele ya wanasayansi wenzake kwa Munich. Wiki 2 mbele yake, tarehe 1 Julai, ile inchi ya mufalme Leopold, Inchi Huru ya Kongo, ilikuwa imetangazwa kwa Vivi. Ninaandika kwa kupita tu, ili musomaji apate kipimo cha wakati. Mwaka uliofuata, 1886, Escherich alichapa buku nzima juu ya mikrobi za utumbo wa mutoto muchanga.

Kitu kimoja kikubwa hakukiona. Ndani ya mutoto anayenyonya, wengi kabisa ni mikrobi wasiopenda hewa, na kwa sahani zake hawakuota vizuri. Ni Henry Tissier, wa Institut Pasteur kule Paris, aliyewapata mwaka wa 1899. Wana umbo la kijiti chenye panda, njo maana wanaitwa bifido. Siku hizi tunajua ju ya nini wanajaa. Maziwa ya mama ina sukari za namna ambayo mutoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zinapita tumbo zima bila kuguswa mpaka chini kwa utumbo, na pale bifido wanazikula. Mama ananyonyesha watu wawili: mutoto, na wale wapangaji wa ndani ya mutoto. Maziwa ya boksi haina sukari zile kama ya mama, hata kompanyi zingine sasa zinajaribu kuzitia ndani.

Sasa tufike kwa ubongo. Escherich hakufundisha kitu juu ya mikrobi na akili ya mutoto. Alishughulika sana na degedege na mishipa ya watoto, alichapa hata buku juu ya ugonjwa wa kukakamaa mwaka wa 1909, lakini daraja kati ya tumbo na kichwa lilijengwa na wengine. Mwaka ule ule wa 1885 Pasteur alikuwa amewaza kwamba munyama bila mikrobi hata moja hawezi kuishi. Mwaka wa 1895, kwa Berlin, wanasayansi wawili walilea panya wa kufugwa bila mikrobi kwa siku chache, na waliishi. Kwa hiyo inawezekana kuishi. Lakini kuishi namna gani?

Jibu moja lilitoka Japani mwaka wa 2004, kwa chuo kikuu cha Kyushu. Panya waliokomaa bila mikrobi walipofungiwa mahali padogo, mwili wao ulitoa homoni ya hofu kupita panya wa kawaida. Ubongo wao haukujua kupunguza moto. Wanasayansi waliwapa mikrobi moja tu, bifido ya watoto wachanga, na hofu ikarudi kwa kipimo chake. Waliwapa pia mavi ya panya wa kawaida: kama walipewa mapema ilisaidia, kama walichelewa haikusaidia tena. Wakati, njo jambo lenyewe. Mulango unafunguliwa mwanzoni mwa maisha, kiisha unafungwa.

Kwa mutoto wa mutu mambo iko vile vile karibu, ingawa mutoto si panya na wanasayansi hawajamaliza kubishana. Kufika miaka 2, ubongo wa mutoto umekomaa mpaka karibu 80 kwa 100 ya ukubwa wa ubongo wa mukubwa. Na mikrobi za utumbo zinafika kufanana na za wakubwa kwenye miaka 3 hivi. Kazi mbili zinajengwa wakati moja, ndani ya nyumba moja. Kuko njia zinazoziunganisha: mushipa mukubwa unaotoka tumboni mpaka kwa kichwa, asidi ambazo mikrobi zinatengeneza na kutupa ndani ya damu, na askari wa mwili ambao mikrobi zinawafundisha. Tumbo lenye kuwaka kila siku linakula nguvu ambayo ubongo ungejengewa.

Afrika yetu ilitoa ushuhuda muzito. Kwa Malawi walifuata mapacha 317, wawili wawili, tangu kuzaliwa mpaka miaka 3. Kuna nyumba pacha mumoja alishikwa na kwashiorkor, ile ndugu zetu wa Kivu wanaita bwaki, na mwenzake anayekula chungu kimoja hakushikwa. Wakatia mikrobi za huyu na za yule ndani ya panya, wakawalisha chakula cha Malawi. Panya wenye mikrobi za pacha mugonjwa njo waliokonda zaidi. Ilichapwa mwaka wa 2013. Maana yake, chakula kidogo ni shida, lakini mikrobi mbovu nazo zinashikilia mutoto chini.

Na kichwa? Hapa kwetu Kongo, kwa Lwiro, Kivu ya Kusini, wanganga walitafuta watu waliolazwa hopitali kati ya 1988 na 2007, wakiwa watoto wenye utapiamlo mukali. Waliwakuta ni watu wazima, wakawalinganisha na majirani wa umri wao ambao hawakuugua. Wale wa zamani wa hopitali walikuwa na masomo kidogo zaidi, na vipimo vya akili vilikuwa chini. Miaka mingi nyuma ya ugonjwa! Utafiti ule haukupima mikrobi, nisidanganye. Unaonesha tu kama deni la tumbo linalipwa na kichwa, na linalipwa muda murefu.

Turudi kwa mutu wetu. Mwaka wa 1890 alihamia Graz, Austria, akawa profesere wa magonjwa ya watoto. Mwaka wa 1892 alioa Margarethe, binti ya profesere wa fizikia Leopold Pfaundler. Walizaa mutoto mwanaume, Leopold, na binti, Charlotte. Yule mwanaume alikufa bado mutoto. Mutu anayetumika kila siku kwa kuokoa watoto wa wengine, nyumba yake haikuepuka.

Kwa Graz alikuza hopitali, akakusanya vijana wenye akili. Mwaka wa 1902 walimuita Vienna, muji mukuu wa mufalme, kwa kiti cha juu kabisa cha uganga wa watoto, na hopitali ya Mtakatifu Anna. Angeweza kukaa na medali zake. Lakini yeye alitoka nje ya laboratwari. Mwaka wa 1903 alianzisha shirika la kulinda watoto wachanga. Wanganga walipima watoto, wamama walifundishwa, wasio na maziwa walipewa maziwa safi ya ngombe ndani ya chupa zilizochemshwa, na juu ya yote alihubiri maziwa ya mama. Alifanya hivyo juu alijua: miaka 18 mbele yake alikuwa ameona kwa mikroskopi nani anaingia wakati maziwa ni safi na nani anaingia wakati si safi.

Vienna ya siku zile ilikuwa muji wa viwanda. Wamama wa kazi walirudi kwa mashini haraka nyuma ya kuzala, mutoto alibaki na dada yake au na jirani, na chupa. Kumuambia mama kama yule kwamba maziwa yake ni bora, bila kumupa saa ya kunyonyesha, ni kumucheka.

Njo hapa mimi mutu wa sendika ninasimama kidogo. Wakati wa Wabeleji, Union Minière ilipima watoto wa makambi na kugawa chakula, kwa sababu ilitaka watumishi wa kesho. Hata hivyo watoto walipimwa. Leo tuko na sheria yetu, Code ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inampa mama wiki 14, na kati ya zile wiki 8 nyuma ya kuzala. Kiisha inamupa, kama ananyonyesha, mapumziko 2 kwa siku, nusu saa nusu saa, yenye kulipwa kama kazi. Shirika la afya la ulimwengu linalomba maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Fanya hesabu. Wiki 8 si hata miezi 2. Ile miezi 4 inayobaki, ambamo ubongo na tumbo vinajengwa kwa mbio, inashikiliwa na nusu saa 2.

Nusu saa ile iko na maana kama mutoto yuko karibu. Mama anayepanda bisi saa 11 ya usiku akiacha mutoto Kapata ao Musonoi, na mugodi uko kilomita nyingi, ataenda wapi na nusu saa? Kwenye meza moja ya mazungumzo, kwa kompanyi ambayo sitaandika jina, mukubwa wa watumishi alituambia mapumziko yale ni zawadi ya kompanyi. Tulimufungulia Code mbele yake. Tunacholomba si kikubwa: chumba safi karibu na mulango, maji, mahali mama atakamua maziwa ndani ya kikombe kilichochemshwa. Kwa hewa yetu ya Kolwezi maziwa iliyokamuliwa inakaa masaa 4 hivi kivulini, na kwa frigo inangoja mpaka jioni. Wale wa kompanyi ndogo zenye kukodishwa, wenye kontra ya miezi 3, wanaogopa hata kusema wamezala. Na wamama wanaosafisha mawe kwenye maji, mutoto mugongoni ndani ya vumbi, wale hawana kontra yoyote, Code haiwajui.

Tusiwaze pia kama dawa inaweza kushika nafasi ya maziwa. Kwa Kwale, pwani ya Kenya, mwaka wa 2015 walichapa utafiti juu ya watoto 115 wa miezi 6. Wengine walitiliwa unga wenye chuma ndani ya uji, juu ya kuongeza damu. Chuma ni lazima kwa ubongo, kila munganga anakubali. Lakini ndani ya utumbo wao mikrobi wabaya waliongezeka, ndugu wakali wa ile coli ya Escherich. Hiyo haisemi chuma kiachwe. Inasema tumbo lichungwe pia, na munganga njo apime. Antibiotiki za kununua kwenye meza ya barabara na kumupa mutoto wa mwezi 1 kwa sababu amelia usiku, hizo zinafagia wapangaji wazuri pamoja na wabaya.

Escherich alipigana pia ili Vienna ijenge kliniki mupya ya watoto. Hakuingia ndani. Alikufa kwa ghafula, ubongo ulipasuka mushipa, tarehe 15 Februari 1911, akiwa na miaka 53. Kliniki ilifunguliwa mwaka ule ule, na mwanafunzi wake Clemens von Pirquet, yule wa kupima kifua kikuu kwa ngozi, alikalia kiti chake. Ni mwaka ambao shaba ya kwanza ilimwangwa kwa Lubumbashi.

Jina lake lilitiwa kwa mikrobi nyuma ya kifo, mwaka wa 1919, ndani ya buku la Castellani na Chalmers. Aldo Castellani alikuwa Mwitalia aliyepita Entebbe, Uganda, miaka ya 1902 na 1903, wakati ugonjwa wa kulala uliua watu zaidi ya 200,000 kando ya ziwa Victoria. Ni yeye aliyeona kidudu chake ndani ya maji ya uti wa mugongo ya wagonjwa. Baadaye alimufuata Mussolini mpaka kwa vita vya Ethiopia, hilo ni habari ingine. Mikrobi yenyewe, coli, mara nyingi ni mupangaji mupole ndani ya kila mumoja wetu. Namna zake chache tu njo zinaua watoto kwa kuhara.

Mwanafunzi mwingine, Ernst Moro, alianzia kwake Graz. Mwaka wa 1900 alipata mikrobi ingine ya maziwa ndani ya mavi ya watoto. Mwaka wa 1908 alipika supu ya karoti kwa watoto wanaohara, na wengi waliokoka. Kiisha, mwaka wa 1918, aliandika juu ya kitu cha kichwa na mishipa: mutoto muchanga akishituka anarusha mikono miwili kando, kiisha anairudisha kifuani kama anayekumbatia. Wakunga wa hapa wanaipima mpaka leo. Wanashika kichwa cha mutoto kwa kiganja, wanakishusha kidogo kwa ghafula, na wanaangalia kama mikono yote miwili inafunguka sawasawa.